Nilifuta Mdomo Wangu Katika Daftari la Mjukuu

Mshauri Rodah, nakusalimu katika jina la Bwana, na kabla sijaieleza shida yangu naomba jina langu lisichapishwe, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa kwa mwaka wa thelathini na moja sasa, tena ndiye ninayefundisha somo la watu wazima kila Sabato asubuhi, na watu wa huku kwetu karibu na Chepilat wanausoma ukurasa wako kwa bidii, ingawa wengi husema wanatafuta matangazo ya vifo.

Nilikuwa nyapara katika shamba kubwa la majani chai upande wa Kericho kwa miaka ishirini na sita, kisha nikastaafu na kurudi kwenye chai yangu mwenyewe, ninakoishi na mke wangu Bilhah pamoja na mjukuu wetu Mongina, aliye Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa iliyo jirani. Ilipofika wakati wa kuchagua masomo msichana huyu alichagua Sanaa. Mimi nilikuwa nimependekeza Kilimo. Akaniuliza kwa heshima, "Babu, kilimo si tunafanya kila asubuhi?" Nikatia sahihi fomu.

Mwalimu wake, Bwana Omollo, ana kanuni zake, nami nazieleza kwa ukamilifu kwa sababu ndizo zilizonifikisha hapa. Kila mwanafunzi ana daftari moja la karatasi nene zisizo na mistari, ambamo anapaswa kuchora vitu na watu wa kwao, na kabla ya kuigusa penseli lazima akitazame kile kitu kwa muda mrefu, kisha achore anachokiona, si anachodhani kipo. Tena raba hairuhusiwi. Mstari ukikosewa unaachwa palepale, mwingine unachorwa kando yake. Mwisho wa mwezi huu madaftari yatakusanywa, na asiyekuwa na lake hataendelea na somo hilo katika Kidato cha Nne.

Mongina alikwisha kuchora ng'ombe wetu, jiko, kapu la chai na mikono ya Bilhah ikichuna, na sikuwa na neno. Lakini Jumapili moja mwezi uliopita alileta mezani mchoro wa ishirini na tatu, na mchoro huo ulikuwa mimi, nimeketi kwenye kiti cha wazee mbele ya kanisa, Biblia magotini, kichwa kimeegemea ukuta, macho yamefungwa na mdomo uko wazi. Sikuwahi kujua ya kuwa mdomo wangu unaweza kufunguka kiasi hicho. Kando yangu alisimama Mzee Ratemo mimbarini, ameinua mkono, katikati ya mahubiri.

Bilhah aliutazama, akaweka kikombe chini. "Mzee, huyu ni wewe kabisa. Hata ile sauti naisikia." Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

Mimi nilimwuliza mtoto swali moja tu. "Mongina, hii uliichora Sabato?"

"Hapana, Babu. Sabato niliangalia tu. Kuchora nimechora leo."

Nililichunguza jibu hilo kwa siku kadhaa na sikupata mahali pa kulishika. Wakati ule nilisema tu, "Nimeona," na yeye akaelewa kwamba nimekubali. Baada ya hapo mchoro ulianza safari. Dolphine, rafiki yake, ambaye ni binti wa jirani yetu Amolo wa kiwandani, aliliazima daftari akamwonyeshe mama yake, akalirudisha, akaliazima tena, akalirudisha tena. Bwana Omollo naye akauchagua mchoro huo utundikwe ukutani siku ya wazazi. Mshauri, anayeifungua siku ya wazazi kwa maombi ni mimi.

Ndipo nilipoikumbuka amri ya pili, ile ya sanamu na mifano ya vitu, nikaitafakari Sabato nzima, nikaridhika kwamba mchoro ule ulikuwa na kasoro ya kiroho. Kwa kuwa kufuta ni kazi, niliingoja Sabato iishe. Jumapili asubuhi Bilhah na Mongina walipokwenda kuchuna chai, nilichukua raba katika sanduku la watoto wa darasa la Sabato, ambalo ufunguo wake natunza mimi, nikaufuta mdomo. Lakini uso usio na mdomo unatisha kuliko uso wenye mdomo wazi, hivyo nikalazimika kuchora mwingine, uliofungwa. Mdomo uliofungwa nao haukupatana na macho yaliyofungwa, kwa maana nilionekana kama marehemu, hivyo nikayafungua macho. Jicho la kulia linamtazama Mzee Ratemo. La kushoto linatazama mlango. Karatasi ilikuwa imechubuka upande wa kidevu, nikajaribu kuufunika mchubuko kwa ndevu. Sina ndevu.

Niliposikia sauti zao njiani nililitia daftari katika sanduku la bati lenye suti yangu ya Meza ya Bwana, sanduku ambalo hufunguliwa mara moja kila robo ya mwaka.

Leo ni siku ya tisa. Mongina amelitafuta daftari hadi zizini. Aliponiuliza nilimjibu, "Madaftari ya shule hukaa shuleni," jambo ambalo kwa jumla ni kweli. Naye kwa kuwa alikumbuka kwamba Dolphine ndiye aliyeliazima mara ya mwisho, lawama zimemwangukia Dolphine, na wasichana hawa waliokwenda shuleni pamoja tangu chekechea sasa mmoja hupita njia ya juu na mwingine njia ya chini. Jumatano Amolo mwenyewe alikuja kwangu, akakataa kiti.

"Mzee, nimekuja kwa heshima. Mtoto wangu anaitwa mwizi huko shule juu ya hiyo kitabu. Hata chakula amekataa. Wewe ni mtu wa Mungu. Tuombee hiyo kitabu ipatikane."

Nikaomba. Nilisimama sebuleni kwangu, hatua sita kutoka kwenye sanduku, nikaomba daftari lipatikane, na Amolo akasema amina.

Mshauri, Sabato ya mwisho ya mwezi huu ni Meza ya Bwana, na Ijumaa yake, kama ilivyo desturi yetu ya kumaliza kazi zote kabla ya Sabato, Bilhah atalifungua sanduku aipige suti pasi. Naomba kujua, je, si vyema nilirudishe daftari kimyakimya katika mkoba wa Mongina, ili ionekane kwamba yale maombi yamejibiwa?

Ni mimi,
Mzee wa Kanisa, upande wa Chepilat

*

Mzee wangu,

Jina lako nimelificha. Majina ya wengine wote nimeyabadilisha mimi, kwa kuwa wewe hukukumbuka kumwombea hata mmoja. Nimeijibu barua yako kabla ya nyingine kwa sababu ya hiyo Ijumaa ya pasi.

Kwanza pokea pole, nami naitoa kwa moyo. Si jambo jepesi mtu aliyekaa mbele ya watu miaka thelathini na moja kuonyeshwa jinsi anavyoonekana kutoka nyuma ya kanisa.

Lakini amri ya pili iache. Daftari lina ng'ombe, jiko, kapu na mikono ya mkeo, na hukunieleza kwamba ulifuta ng'ombe. Kasoro ya kiroho uliiona katika ukurasa mmoja tu, ule wenye mdomo wako. Amri hiyo inakataza kuabudu, na nyumbani kwako hakuna aliyeisujudia picha yako, mkeo alicheka. Isitoshe, hukuishia kufuta. Ulichora mdomo, macho mawili na ndevu. Kama kuchora ni dhambi, basi wenye dhambi katika daftari hilo ni wawili, na mmoja wao hana kipaji.

Wewe na mjukuu wako nyote mliiheshimu Sabato, na nyote mlifanya kazi Jumapili. Tofauti ni kwamba yeye alileta kazi yake mezani, wewe ukaipeleka yako sandukuni.

Tena jambo moja hukuliona, na linanisikitisha kuliko ndevu. Mtoto huyo alikutazama kwa muda wa mahubiri yote. Aliona jinsi Biblia inavyokaa magotini na jinsi kichwa chako kinavyoutafuta ukuta. Wako wazee wengi ambao mjukuu hajawahi kuwatazama usoni hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Wewe ulitazamwa, ukatafuta raba.

Sasa hilo la mkoba. Hapana. Mongina atafungua daftari akute ukurasa uliofutwa, katika somo ambalo raba ni marufuku, na Dolphine, ambaye sasa ni mwizi, atakuwa pia ndiye aliyekuchorea ndevu. Utakuwa umemwongezea mzigo, kisha umsimamishe Amolo kanisani atoe ushuhuda wa maombi yaliyojibiwa. Usimpe Mungu kazi ya kubeba daftari hatua sita wakati miguu unayo.

Ulikuwa nyapara. Mchunaji alipokuletea kapu lenye majani laini juu na magumu chini, ulimfanyia nini? Najua, kwa sababu nami nimekulia kwenye chai. Ulimwamuru alimwage lote juu ya turubai, mbele ya wenzake, achambue upya, jani kwa jani. Hukumruhusu aende kulichambulia nyuma ya nyumba. Leo kapu ni lako.

Basi usingoje Ijumaa. Siku hii unayosoma ukurasa huu, toa daftari sandukuni, mwite Bilhah, mwite Mongina, uwaonyeshe. Mongina akilia, usimfundishe somo. Ngoja amalize. Kisha mwende nyote watatu kwa Amolo, wewe ukitangulia, daftari likiwa wazi mkononi, si limefichwa ndani ya gazeti. Anza na Dolphine, si na baba yake. Mwite kwa jina, umwambie kwamba hakuiba, kwamba aliyechukua ni wewe, na umwombe msamaha ukiwa umesimama. Ndipo umgeukie Amolo umweleze kuhusu ile amina uliyomtoa kinywani.

Kesho yake nenda shuleni na wasichana wote wawili, kwa njia moja, hiyo ya juu au hiyo ya chini. Mbele ya Bwana Omollo, chini ya mchoro, andika kwa mkono wako: "Mdomo, macho na ndevu ni kazi ya babu." Tia sahihi na tarehe. Usifute chochote tena. Mwalimu huyo anawafundisha watoto waache kosa lao lionekane na wachore mstari ulio sawa kando yake, na kama unatafuta somo la Sabato ijayo, mimi singetafuta mbali zaidi.

Siku ya wazazi fungua kwa maombi kama kawaida yako, uso ukielekea ukuta ule uliotundikwa mchoro.

Kuhusu mchoro wenyewe, ule wa kwanza haurudi. Lakini mwisho wa mwezi haujafika, na daftari bado lina kurasa. Sabato hii keti kwenye kiti kilekile, Biblia magotini, umwombe Mzee Ratemo arudie mahubiri yale yale, wala usijitahidi kukaa macho. Mongina ataangalia tu. Jumapili atachora.

Rodah