Pile Nane na Vipande Thelathini na Kimoja

Jumapili, 6 Juni 1999

Baada ya ibada Amédée alisimama mlangoni pa kanisa akikusanya pile, betri za redio. Redio ni yake, lakini pile ni za mtaa mzima. Ndivyo tunavyofanya tangu vita isimamishe treni: kila nyumba hutoa ilichonacho. Akaniuliza: weye, Baba Mwalimu, hauna hata moja? Nikasema sina.

Ninazo nane. Umri wa miaka sabini na mmoja, na nimedanganya nikiwa na Biblia kwapani!

Jumanne, 8 Juni

Niandike ukweli walau hapa. Pile nne zimo ndani ya kitabu cha umeme cha mke wangu, Ntumba. Nne ni akiba.

Kitabu hicho ni kisanduku cha kijivu, kikubwa kidogo tu kuliko kiganja. Mmisionari mmoja alimpa pale macho yake yalipoanza kuchoka. Biblia yote ya Kifaransa imo, na herufi zinaweza kukuzwa. Kioo hakina taa, kwa hiyo hakili pile sana. Hilo limebuniwa vizuri. Lakini ipo sehemu ya kuandika maneno yako mwenyewe, na maneno hayo hayadumu bila pile. Kuna pile ya tano ya kuyalinda, ya mviringo kama kifungo cha shati. Ilikufa mwaka jana. Hapa Kamina haipatikani nyingine. Sasa nikitoa zile nne, nina dakika mbili za kuweka nyingine. Zikipita — yote yamefutika. Aliyekiunda hakufikiria mji usio na treni.

Ntumba aliandika humo vipande thelathini na kimoja vya maneno yake. Mwaka 1993, watu wa Kasai kama yeye walipofukuzwa huku kwetu, alipanda treni na kaka zake kwenda Mwene-Ditu. Kitabu alikiacha mezani. Barua moja, mwaka 1995. Kisha kimya.

Vipande vyake sijavisoma. Mtu hasomi yasiyo yake.

Jumatano, 9 Juni

Kioo kimefifia. Pile za ndani zinakwisha. Nimesonga tena bukari, ugali wa watu wawili.

Ijumaa, 11 Juni

Nilianika zile nne za akiba kwenye sementi nyuma ya nyumba. Kila mtu hapa huanika pile zilizochoka. Jua huzirudishia nguvu kidogo. Nilisahau kwamba ukuta ulianguka wakati wa mvua. Sasa uani kwangu kunaonekana kote!

Jirani yangu Lise alikuwa anafua. Mume wake, Nahum, ni askari. Alitoka Base, kambi ya jeshi, mwezi wa nne kwenda vitani upande wa Kabalo. Tangu hapo Lise hana habari zake. Aliziona pile. Nikangoja aniite mwongo.

Akapiga kelele ya furaha: Baba Mwalimu anatuanikia pile! Amédée, kuya uone! Alitafuta mpaka akapata, na hakusema kitu!

Amédée alifika akicheka: na minyi nilikuwa nasema muzee iko muchoyo hata kwa pile. Lise akamkemea kwa niaba yangu. Kesho jioni, alisema, redio itasoma salamu za askari, jina kwa jina. Atakuja kuchukua pile mwenyewe. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, yenye povu.

Nikaingia ndani, mkono ukiwa bado na povu.

Jumamosi, 12 Juni

Asubuhi nimeziweka zile nne ndani ya kitabu. Za zamani zimetoa maji, hazifai tena. Nimeamua kunakili vipande vyote kwenye daftari kabla ya jioni. Kwa hiyo lazima nivisome.

Kazi inakwenda polepole. Kioo kinaonyesha mistari minne tu. Baada ya dakika kumi kinafifia. Nazima, pile zipumzike. Na kila kipande ninachonakili kinakula redio ya Lise. Ninajua.

Cha kwanza kinanitaja mimi: «Leo Éliézer amekunywa chai na hakusema kitu. Ndiyo kusema iko muzuri.» Nilicheka peke yangu.

Cha sita, cha saba — bei ya mihogo, ndoto juu ya mama yake. Cha kumi na tisa ni cha siku tatu kabla ya treni:

«Éliézer amenunua malle ya safari, ametafuta nafasi, amepanga yote kama directeur. Hakuniuliza kama minyi nataka kwenda.»

Nilizima. Pile hazikuwa zimechoka.

Watu walikuwa wanapigwa njiani. Nyumba ya kaka yake ilichomwa. Nilipanga kila kitu sawasawa: sanduku, karatasi, nafasi karibu na dirisha. Nilidhani ninamwokoa. Kumwuliza sikumwuliza. Sikujua kwamba kulikuwa na swali.

Siku tatu zile, na vipande kumi na viwili ambavyo bado sijavinakili! Hakuwahi kuandika sana hivyo.

Saa kumi na mbili kasorobo. Lise amepiga hodi: Baba, pile ziko chaud, zimepata moto? Nimemwambia aingie, akae. Salamu zinaanza saa kumi na mbili kamili. Pile zimo bado ndani ya kitabu, chini ya mkono wangu; nikizitoa, vipande vilivyobaki vinafutika.

Ameuliza ninaandika nini. Nimesema barua.

— Ya Mama Ntumba? Maliza basi, Baba. Minyi nitangojea.

Anangoja kweli. Amevaa viatu vya kanisani. Anatazama saa ya ukutani, kisha anajilazimisha kutazama pembeni, ili nisione kwamba ananiharakisha.