Sifa za Mvua

Jumatatu, tarehe 15 mwezi wa tatu, 1909

Nimepalilia mpaka jua la utosini. Vijana wamekimbilia kivulini. Mimi niliyebeba mzigo wa Mdachi toka Bagamoyo bila kupumzika nimebaki. Nilipumzika mara mbili, basi. Mvua hakuna. Mahindi yamejikunja. Jioni kanisani nimepiga magoti mbele kabisa, nikaomba kwa sauti mpaka katekista Benedikto akakohoa. Akohoe. Amenifundisha herufi uzeeni, kuomba hakunifundisha.

Jumatano, tarehe 17

Mvua tangu alfajiri. Nimewaambia watu: nilimwita Mungu, akaja mbio. Wanawake wameniletea ndizi na kuku. Kuku nimemla. Mtamu.

Benedikto kaniambia, "Mzee, utukufu ni wa Mungu."

Nikamjibu, "Utukufu wake, kuku wangu."

Watu wamecheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka.

Jumatatu, tarehe 22

Siku ya sita inanyesha. Nimepanda mlimani hadi shamba la ukoo, juu ya nyumba ya mpwa wangu Agata, mtoto wa marehemu dada. Ardhi imepasuka. Ufa unakata mteremko wote, mguu wangu umezama hadi goti. Chini yanatoka maji mekundu. Nikiwa kijana niliuona mlima ukishuka na nyumba saba. Kisa hicho huwa nakitia chumvi. Zilikuwa tatu. Hakuna aliyetoka.

Naogopa.

Jumanne, tarehe 23

Nimemwambia Agata ahame, yeye na wanawe wanne. Alikuwa anasuka mkeka, hata mkono hakuusimamisha.

"Mjomba, si wewe uliyeita mvua? Mwambie Mungu wako ashike na mlima."

Nikasema sikuita kitu, nilijisifu tu.

"Haya, leo mzaha wako umegeuka."

Nimerudi nimelowa.

Alhamisi, tarehe 25

Sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari. Watu wamejaa. Nimesimama mbele yao nikasema mvua si yangu, nimeiba sifa za Mungu, na mlima unapasuka. Wamecheka. Mama mmoja kasema, "Mzee huyu akichoka kujivuna kwa ukubwa, anajivuna kwa unyenyekevu." Uongo wangu wote waliumeza. Hili moja la kweli wamelitema.

Benedikto kanifuata nje. Kaomba nimwonyeshe. Ufa sasa mtu mzima analala ndani.

Ijumaa, tarehe 26

Tumeezua nyumba ya Agata. Mimi juu, Benedikto chini anapokea nyasi. Mimi ndiye mjomba, ardhi ya ukoo iko mkononi mwangu, hakuna wa kunizuia. Agata kanitukana mbele ya wanawe. "Kuku za watu umekula, sasa unatula sisi." Nikazidi kung'oa nyasi. Wamehamia kwangu, wanalia.

Jumapili, tarehe 28

Mvua imepungua. Mlima bado umesimama. Wapo wanaosema nimemwezulia yatima wa dada yangu bure. Wapo wanaosema sala zangu ndizo zimeushika. Sijui lipi baya zaidi.

Agata hanisemeshi. Uji ananiletea, anaweka chini, anaondoka.

Mchana nimepanda peke yangu. Nimepiga magoti mbali na ufa. Nimeomba mlima usishuke kamwe, nyumba ile ibaki pale bila paa, na wao wanicheke mpaka nife. Sikutoa sauti. Nilikaa sana. Udongo ulikuwa laini, unabonyea.