Kiraka Changu cha Poti ya Siriali

Jumatatu, 2 Septemba

Limetokea tena. Nimewasha bodi ya kupimia mto saa mbili asubuhi, hata koti sijavua, na lile onyo likamwagika kwenye skrini — mistari ishirini na mitatu, nimeihesabu — kisha bodi ikaendelea kupima kina cha maji ya mto Citarum kana kwamba haikusema neno. Kinachoniudhi zaidi: onyo linaihusu poti ya siriali, mlango ambao bodi hutumia kutuma maneno kwenye skrini, na tunaletewa na poti hiyohiyo. Mshtakiwa ndiye anayetusomea mashtaka!

Mzee Undang, mkuu wetu wa kitengo, akasema anachosema kila mara. Liache, halina meno, mwaka wa nne huu na hakuna bodi iliyokufa. Onyo ni onyo, Mzee! Hilo sikulisema. Nimeliandika hapa.

Yoyoh, wa meza ya jirani, fundi wa vihisi, anasema mimi natafuta chawa kwenye kichwa cha mwenye upara. Sawa. Nitamtafuta na nitampata.

Jumanne, 3 Septemba

NIMEMPATA.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Kiendeshi — ile programu ndogo inayoiongoza poti — huwasha mapigo ya saa ya poti bodi inapoamka. Kazi ikiisha, huyazima. Safi kabisa. Lakini huyazima mara mbili. Mara ya pili mfumo unashangaa: unazima nini, mbona yalishazimwa? Ndiyo zile kelele zote.

Nimefuta mistari miwili, nimeongeza mmoja. Basi! Miaka minne ya kelele, dawa yake mistari mitatu. Nimezima na kuwasha bodi mara hamsini, Yoyoh akihesabu kwa sauti kama mwamuzi wa ngumi. Mara hamsini, kimya. Mara ya hamsini akapiga meza akasema, "Haya mama, upara umetoa chawa." Akaninunulia batagor, vile vipande vya samaki vya kukaanga. Nimekula zangu na nusu ya zake.

Najisifu? Najisifu. Daftari ni langu.

Alhamisi, 5 Septemba

Kiraka, yaani hilo rekebisho langu la mistari mitatu, hakiwezi kukaa hapa ofisini tu. Mfumo huu unaoendesha bodi zetu ni wa dunia nzima. Unatuma kiraka kwa barua pepe kwa mtunzaji wa sehemu hiyo, kila mtu akiona, na kikipita jina lako linabaki humo daima. Hapa kwetu mwenye jina humo ni mmoja. Mzee Undang. Badiliko moja, miaka minne iliyopita. Alilichapa akalitia kwenye fremu, likatundikwa juu ya mtungi wa maji ya kunywa, na ofisi nzima ikala wali wa manjano wa shukrani. Nilikuwa na mwezi mmoja kazini. Nilikula sahani mbili.

Sasa, kuna desturi. Chini ya kiraka unaandika mstari mmoja: hitilafu hii ililetwa na badiliko fulani. Na aliyelileta anapelekewa nakala. Nikachimba historia ya kiendeshi, mwaka hadi mwaka, nimwone huyo aliyeongeza kuzima kwa pili.

Undang Sasmita. Badiliko lilelile la ukutani.

Nikaenda kunywa maji. Nikarudi bila kunywa.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimetuma. Bila ule mstari.

Nimejiambia ni adabu. Sisi Wasunda hatumwonyeshi mkubwa kwa kidole cha shahada. Tunakunja ngumi, tunaelekeza kwa dole gumba, tena kwa kuinama kidogo. Ule mstari hauna dole gumba. Ni kidole cha shahada mbele ya dunia nzima, na hakifutiki.

Adabu au woga? Sitaki kujijibu.

Jumatatu, 9 Septemba

Jibu! Radovan, mtunzaji wa poti zote za siriali, yuko huko Ucheki. Anasema kazi ni safi. SAFI. Nimelisoma neno hilo mara sita. Kisha malalamiko mawili.

La kwanza: niandike jina langu kamili, hawapokei majina ya utani. Damu ikanipanda! Nikamjibu kwamba Imas si utani. Ni Imas kwenye cheti cha kuzaliwa, Imas kwenye kitambulisho, Imas kwenye shahada ya chuo. Baba alinipa jina moja na halijawahi kupungua. Baada ya saa moja akaomba radhi, hadharani, kila mtu akiona. Nimemwonyesha Yoyoh. Nimemwonyesha na mlinzi wa getini.

La pili ndilo gumu. Anauliza: hitilafu ililetwa na badiliko lipi? Bila ule mstari dawa haiendi kwenye matoleo ya zamani. Na bodi zetu zote za mtoni, mia sita, ziko kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo bila jina la Mzee, hakuna kiraka. Sina pa kukwepea.

Jumatano, 11 Septemba

Siku mbaya. Kwenye kikao Mzee Undang alisimama akanisifu mbele ya wote. "Mnamwona huyu? Nilimwambia aache, hakuacha. Mimi mwenyewe nilikosea kumwambia aache." Nikavimba kwa fahari, kweli nilivimba. Kisha akacheka, akaniuliza:

"Na ni nani alituletea mkosi ule? Vijana wa Ulaya hao, au siyo?"

Watu wakacheka. Yoyoh hakucheka, anajua, nilimwambia Ijumaa. Nikasema, "Sijui bado, Mzee."

Nimemdanganya mtu aliyenifundisha kushika waya wa kwanza. Tena nimemdanganya akiwa katikati ya kunisifu.

Alhamisi, 12 Septemba

Saa mbili na robo nimetuma upya. Mstari upo. Badiliko lake, jina lake lote, nakala kwake. Nimetuma kwanza ndipo nikaenda kumwambia — najijua, ningeanza kwa kumwambia, ningerudi na kiraka mkononi.

Nilimkuta anamenya matunda ya salak. Nikasema, "Mzee, jana nilikudanganya. Aliyeleta hitilafu namjua." Nikaweka mezani karatasi yenye ule mstari. Akavaa miwani. Namba ya badiliko lile anaijua kwa moyo. Hakufika mwisho wa mstari. Akaivua miwani.

"Umeshatuma?"

"Nimeshatuma, Mzee."

Akayasukuma maganda ya salak pembeni. Kisha: "Vizuri. Ungeniuliza kwanza, ningekukataza."

"Nisamehe, Mzee."

"Nikusamehe nini? Kiraka kina kosa?"

"Hakina."

"Basi nenda mezani kwako."

Nimekuja. Daftari liko magotini, chini ya meza. Kutoka hapa namwona amefungua ile barua pepe ya Radovan. Anaandika. Anafuta. Sauti ya kufuta naijua, kidole kimoja, harakaharaka. Anaandika tena. Yoyoh amenikonyeza: anajibu kwenye orodha ya barua pepe ya wote, dunia nzima itasoma! Najibu kwa midomo tu: naona. Atajitetea? Ana haki. Na akijitetea, nitamjibu vilevile, mistari yangu mitatu naijua. Lakini naomba asijitetee. Sikuwahi kutaka jina langu lipande kwa lake kushuka. Au nilitaka kidogo? Ijumaa, labda. Leo hapana.

Amesimama. Ananiita, kwa sauti ambayo ofisi nzima imeinua vichwa.

"Imas! Lete zile bodi. Ya zamani na yenye kiraka, zote mbili."

"Za nini, Mzee?"

"Za nini! Unataka niandike chini ya kiraka chako kwamba nimekipima, na hata sijakiwasha? Siweki jina langu chini ya la mtu kwa kusikia tu. Lete. Na kiti chako."

Nimezipeleka. Nimerudi kuchukua kiti na ndipo naandika haya, nimesimama. Amechomeka ya zamani: mistari ishirini na mitatu, ameisoma yote, wa kwanza hadi wa mwisho, hajaruka hata mmoja. Sasa anachomeka yangu. Watu wamemzunguka. Mistari ya kawaida ya kuamka inashuka, onyo halimo hadi sasa, Mzee anaifuata kwa kidole, mmoja mmoja —