Ngiri ya Baba Mdogo Mbaruku

Jumatano, 6 Juni 1973

Hili sijamwambia mtu, hata mama: nataka kuwa daktari, na si kwa huruma. Nataka siku moja baba mdogo Mbaruku alale chali mbele yangu, aniombe.

Alikaa mlangoni yeye, mkubwa wa nyumba, siku dada yangu Zamda alipokuja kwetu kujifungua, damu haikatiki. Mkunga akasema apelekwe hospitali. Baba mdogo akakataa – madaktari wote wanaume, nani amfunue mke wa mtu? Stara kwanza! Tukamzika alasiri, na mwanawe. Watu wakamsifu baba mdogo kwa msimamo. Msimamo!

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia yote.

Alhamisi, 14 Juni

Nyumba ya pili wamepata mpangaji: Daktari Euphrasia, Mchaga. Daktari kweli, mwanamke! Baba mdogo, barazani na kahawa yake, akapaza sauti: nesi huyo, kaazima koti la bwana mkubwa. Daktari, akipita, akamjibu palepale: "Shikamoo, mzee. Koti langu. Na hiyo ngiri unayoishika ukikohoa, njoo niiangalie kabla haijanasa." Baraza zima kicheko! Baba mdogo kanywea.

Jioni nikampelekea daktari vitumbua. Nikajikaza, nikamuuliza chuoni walimfanyaje. Wavulana walimtilia mkono wa maiti mkobani. Akaurudisha kwenye meza ya kupasulia, akanawa, akala chakula chake.

– Hukulipiza?

– Niliwapita kwenye mtihani.

Mimi hainitoshi hiyo.

Hernia, yaani ngiri, ikinasa, kanieleza daktari, utumbo hufa. Haingoji kesho.

Jumamosi, 16 Juni

Imenasa! Tangu adhuhuri baba mdogo anajipinda kitandani, anatapika, jasho linamtiririka. Mama kasema: kimbia, Waridi, mwite daktari, mimi natafuta teksi Mnazi Mmoja. Baba mdogo akanishika mkono: "Si yule, mwanangu. Si mwanamke. Nistiri."

Nikasema: ndiyo, baba. Nilivyo mtiifu!

Sikutoka. Daktari yupo, namsikia anafua, anaimba kikwao. Nimejifungia chumbani naandika. Baba mdogo hataki tena kustiriwa. Analia – Waridi, mwite! Mwite huyohuyo!

Si ndiyo niliyoyataka haya? Bado kidogo. Aonje kidogo tu, kisha nitakwenda –

Baba mdogo kanyamaza.

Ndara za mama uani. Teksi imefika, anauliza daktari yuko wapi, mbona kimya – mama yuko mlangoni pangu – naficha daftari