Kibakuli cha Pembeni ya Mlango

Dodoma, kambi ya reli

Kaka yangu Issa, shikamoo.

Mwili wangu mzima. Kwamba wewe, wifi na watoto hamjambo, mchuuzi wa samli alinieleza kabla hajanipa barua yako. Laiti ningemshikilia kwa mazungumzo kidogo zaidi kabla sijaifungua. Kumbe mama alikuwa kaburini siku kumi na tisa, na siku zote hizo mimi nilikuwa nauza uji na kucheka na watu.

Barua nimeisoma mara nne. Pale uliposema wifi, alipokuwa akimwosha mama, alikuta uvimbe laini kwenye bega la kushoto, ukubwa wa yai la kanga, nilikaa chini. Kaka, wangu uko bega hilohilo.

Unakumbuka niliporudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Mama ndiye aliyeuona, nikijifunga nguo. Jioni ile nyinyi mlizunguka sinia, mimi nikapewa kibakuli changu pembeni ya mlango. Miezi kumi na moja nilikula hivyo. Wewe ukasema, "Vumilia, Hadija, ni kwa ajili ya watoto." Nikamwacha mwanangu Zaituni kwa mama, asije akatengwa kwa sababu yangu, nikatembea siku sita mpaka huku. Huu mwaka wa tano. Chungu kimoja cha uji kimekuwa vinne, na hakuna aliyenishika mkono.

Wiki mbili zilizopita mpiga nyundo mmoja wa reli aliliona bega langu nikiinua chungu, akaurudisha uji. Wenzake wakamfuata. Kesho yake vyungu vitatu vilichacha. Nikaenda kwa daktari Mdachi wa kambini. Akaubonyeza uvimbe, akausukuma kwa kidole, ukateleza. "Mafuta. Mwingine aingie." Aliyenieleza vizuri ni msaidizi wake, mtu wa pwani.

"Bibi, ni mafuta yamejikusanya chini ya ngozi. Hayaambukizi. Ulale na mtu kitanda kimoja miaka ishirini, hayampati."

"Basi yatoe nikakaangie."

"Yaache, hayajakukosea. Pengine ni ya ukoo. Kwenu hakuna mwenye uvimbe kama huu?"

"Hakuna."

"Basi umependelewa peke yako."

Tukacheka. Akaniambia wa kuogopa ni ule mgumu, usiosogea, unaouma au unaokua upesi. Wangu naupima kwa uzi tangu nifike. Fundo liko palepale.

Nilimjibu hakuna, kaka. Kumbe mama hakuwa akijitenga kwa haya alipokataa kuoga nasi mtoni. Sote wawili tulibebwa mgongoni pale, jasho lake likatukaukia, na hatukuota kitu. Alijua. Ila angesema, vibakuli pembeni ya mlango vingekuwa viwili. Siku tatu nilimkasirikia. Ya nne nikamlilia, na bado. Neno moja la yule msaidizi lingetosha sisi wawili kula pamoja, nami nimelipata amekwisha kufa.

Sasa mstari wako wa mwisho. Zaituni ana kitu mkononi kama punje ya kunde, na "tumemtengea chombo kwanza, tuone". Tuone nini? Mimi sijakigusa, sitasema ni mafuta. Mchuuzi wa samli na mkewe, wanaokuletea barua hii, watakaa huko siku nane kisha watarudi huku. Mtoto aje nao, nitampeleka mwenyewe kwa daktari. Lakini leo, ukimaliza kusoma, mwite kwenye sinia. Akae ubavuni kwako, watoto wako wakiona, na wewe uanze kumega.

Msalimie mjomba aliyetufundisha kuandika. Msalimie wifi, umshukuru kwa kumwosha mama bila kuogopa. Mwulize kama mikono yake imeota kitu.

Kibakuli mlichompa mtoto nakijua, kina ufa ukingoni. Ni changu. Aje nacho, hapo mlangoni pasibaki kitu.

Mdogo wako,
Hadija