Mama, Mbolea Yako Imelipwa

Mama,

Nilitaka nitulie kwanza ndipo nikuandikie, lakini wiki zinapita na naona sitatulia. Tumelipwa! Tumbaku yako imeuzwa, deni la mbolea limekatwa lote, na hela iliyobaki nimeishika kwa mikono hii hii inayonuka tumbaku. Nilipotoka ofisi ya chama cha ushirika nilitembea kidogo kwa adabu, halafu nikakimbia. Mtu mzima, na kitenge changu, nikakimbia mpaka njia panda.

Acha nikueleze ya msibani, maana hukuyaona. Tulipomaliza kukuzika, mchungaji akatangaza kama kawaida kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Mimi nilijua deni lipo. Akasimama Mzee Masanja, mwenyekiti wa kikundi chenu. Kikundi ndicho kilichokudhamini uchukue mbolea kwa mkopo, na usipolipa, wenzako wanakatwa kwenye hela zao. Akasema polepole, "Huyu mama tunamdai mbolea. Ila tumbaku yake iko shambani, inaota. Sasa nani ataitunza?"

Nikanyoosha mkono. Hata kulia nilikuwa sijamaliza.

Mdogo wako, mjomba Zabuloni, naye wa kikundi hicho hicho, alinifuata baadaye. Ile mifuko ya mbolea ya kukuzia uliyoiacha chumbani, akasema niimwage kwenye mahindi. "Aliyekopa keshazikwa. Wamdai huko huko." Nilikasirika. Lakini sikufichi, nilifikiria. Unga ulikuwa umeisha na mahindi yetu yalikuwa ya njano. Niliikalia ile mifuko nikalia, kisha nikaibeba mmoja mmoja kwenda kwenye tumbaku.

Mjomba ya kwake aliimwaga kwenye mahindi. Sasa mahindi hayajui kutunza siri, Mama. Yakawa kijani mpaka yakaelekea weusi, pale pale kando ya njia tunayopita wote kwenda kwenye chama, na tumbaku yake nyuma imenyong'onyea kama mgonjwa. Nikakukumbuka na ujanja wako wa kuomba moto. Kabla hujamdhamini mtu ulikuwa unakwenda kwake na kigae kuomba kaa la moto, na huku letu linawaka, ili tu upite shambani kwake uone tumbaku yake inavyotunzwa. Nilikuwa naona aibu kukufuata. Siku hizi naomba moto mimi.

Kukausha ndiko kulikonimaliza. Kuni hazitoshi, macho mekundu, na kila jani nikilifunga nasikia unavyonisema kwamba nafunga kama ninayefunga mboga. Nililifungua, nikalifunga tena.

Siku ya malipo tumbaku ya mjomba haikufikia deni lake, kwa hiyo tukakatwa sote. Iliniuma sana. Ila Mzee Masanja akaamua mjomba aturudishie kwa magunia ya mahindi, na mjomba akayaleta. Basi yale mahindi meusi tunayala sisi, na ugali wake ni mtamu hasa!

Halafu karani akaniuliza msimu ujao nitachukua mifuko mingapi. Walionitangulia walitaja mingi kana kwamba inagawiwa bure. Nikataja ya kutosha shamba letu la tumbaku, basi. Akauliza jina. Nikataja lako kwa mazoea, nikakwama. Nikataja langu. Nyuma yangu Mzee Masanja akasema, "Huyo mimi namdhamini." Mama, nilitamani ungesikia sauti yake.

Nikaenda Shanwe kununua bati. Mwenye duka alipoona nina hela akawa mkarimu ghafla: nichukue za nyumba nzima, na redio kaseti juu yake, nitalipa msimu ujao. Redio yenyewe ilikuwa inaimba. Nilisimama nayo muda mrefu, mguu unacheza wenyewe. Lakini mbolea ya mkopo inaota, nikajiambia, redio haioti. Nikalipa taslimu bati za chumba kimoja.

Sasa mvua zimeanza. Upande mmoja wa nyumba ni kelele tupu, upande wa pili ni nyasi na ndoo nimezitega. Mimi nalala kwenye kelele. Nazisikiliza, nacheka peke yangu, kisha nakukumbuka. Hapo juu hakuna bati wala msumari ambao mtu anaweza kuja kuung'oa kwa deni.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitakopa kile tu ambacho shamba linaweza kunilipia, na mwakani, Mungu akipenda, naezeka chumba chako.

Mwanao,
Esta