Gongo Lenye Alama za Vidole Vitatu

Jumatano. Ukungu haujaondoka Tunduma tangu alfajiri, na baridi ya Juni mwaka huu inauma mpaka kwenye meno. Nimefunga duka la matairi saa saba mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya siku ya kazi. Nimekaa chumba cha nyuma, na kiganja changu kinanuka jasho la mtu mwingine.

Sijakinawa.

Kwa mgeni wa blogu hii: ninakusanya magongo ya besiboli ya zamani, yale yaliyochezewa kweli uwanjani. Mchezo wenyewe sijawahi kuuona kwa macho, na sheria zake zimenishinda. Lakini malori yaliyotumika Marekani yakiletwa huku, mara nyingine nyuma ya kiti cha dereva linakutwa gongo, na madereva wetu hawalitupi. Wanagongea matairi. Tairi lenye upepo wa kutosha hujibu kwa sauti kavu, lililopungua hujibu kwa sauti nzito, na kwenye foleni ya mpakani hiyo ndiyo sauti tunayoamka nayo. Dereva akija dukani na gongo kuukuu, nampa rungu jipya la mti mgumu, tunabadilishana, kila mtu anaondoka anamcheka mwenzake. Ninayo kumi na moja. Jirani yangu muuza chapati anasema najiandaa kujiunga na sungusungu, nilinde mtaa usiku.

Ninachopenda ni alama. Juu, pale penye unene, kuna vishimo vya mpira, na ukiinamisha gongo kwenye mwanga unaona hata mishono ya mpira ilivyojichora. Chini, kwenye mshikio, kuna mkono. Mtu akishika mti kwa miaka, mti unachukua umbo la vidole vyake. Mimi huweka vyangu humohumo, na mara nyingi najua aliyeshika alikuwa wa kulia au wa shoto, mwenye kiganja kikubwa au kidogo. Mshikio siusafishi kamwe. Naona nikiusafisha nitakuwa nimemfukuza mwenyewe.

Nakiri kuna siku nimewasalimia hao wenyewe nisiowajua. Naishi peke yangu, msinicheke.

Leo saa tatu alikuja dereva wa makamo ambaye namfahamu kwa sura tu. Alikuwa na gongo limefungwa kwenye gunia.

"Dada, nimetumwa nikuletee hili," akasema. "Ni la jamaa tuliyekaa naye foleni kule Nakonde, upande wa Zambia. Anasema wewe utalijua."

Nikamletea rungu la kubadilishana, akalikataa. Akasema si lake, hawezi kupokea malipo ya kitu cha mtu. Nilipouliza jina la huyo jamaa, akaniambia foleni nzima wanamwita Bubu kwa sababu haongei, na wao wenyewe walishangaa juzi alipofungua mdomo. Kisha akarudi kwenye lori lake.

Lilikuwa gongo zuri kuliko yote niliyonayo. Zee, rangi ya asali, namba imechomwa kwenye kitako chake, alama za mpira zimejaa upande mmoja. Nikaweka mkono wa kulia kwenye mshikio, haukukaa. Nikaweka wa kushoto. Dole gumba likaingia mahali pake, kidole cha shahada kikaingia, cha mwisho kikaingia. Cha kati na cha pete vikakalia mbao iliyoinuka, yenye vanishi yake kamili, kama haijawahi kuguswa na mtu.

Na mbao ilikuwa na unyevu.

Kaka yangu alikuwa mashoto. Kidole cha kati na cha pete vya mkono huo viliondoka na mashine ya kumenya kahawa alipokuwa na miaka kumi na minne, nami nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nazungusha mashine. Nitamwita Ezekia humu. Nimebadili majina yote, na kijiji tuseme ni upande wa Iyula. Kama wewe ni wa ukoo wetu na umejitambua, nakuomba unyamaze.

Ezekia alikwenda kuchimba dhahabu Galula, akakaa miaka miwili, akarudi na pikipiki mpya. Wiki hiyohiyo baba akafa. Aliugua siku mbili tu. Hata udongo wa kaburi haujakauka, baba mkubwa akasimama mbele ya watu akasema kijana amemtoa baba yake kafara apate dhahabu. Watu walichoma pikipiki. Walimtafuta yeye pia, kwa mapanga, lakini alishatoweka. Tulisikia alipanda lori la kwenda Zambia. Ni miaka tisa sasa, na hatujapata hata salamu.

Mama hakusema neno siku ile. Na mimi sikusema. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini, kuliko mapanga yenyewe.

Jumamosi hii tunamzika. Mguu wa baba mkubwa umevimba, hospitali hawajui la kufanya, na anasema kila akifumba macho anamwona Ezekia amesimama mlangoni, haingii wala haondoki. Kwa hiyo wazee wamekubaliana kwamba alifia njiani, Kongo au kokote, na ukoo unateswa na maiti ambayo haijazikwa. Litachimbwa kaburi tupu pembeni mwa la baba. Saruji imeshafika, msalaba umeandikwa jina, mchungaji amekubali kuja. Mama, ambaye nilitegemea angejitupa chini akatae, aliitikia mara moja. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Nikatoka dukani nikaifuata foleni kwa miguu. Malori yamepangana, ukungu umeyala vichwa, na mle ndani mtu asiyeonekana anagonga matairi. Nikienda kulia sauti inatoka kushoto. Nilihesabu madereva kumi na watatu na kuangalia mikono yote kama mwendawazimu, mpaka mmoja akaniuliza kama nimepoteza pete. Aliyeniletea gongo hakuwepo tena. Mahali lori lake lilipokuwa palikuwa na doa la oili tu, nami nilisimama juu yake mpaka lori jingine likanipigia honi.

Nilirudi nikampigia mama. Nilitaka kumwambia azuie mazishi, mwanawe yuko hai, yuko mwendo wa saa moja kutoka anapolala. Nilimweleza yote, vidole, unyevu, Bubu. Hakulia. Nilimsikia anatembea, majani ya mikahawa yanamgusa, anakwenda mbali na nyumba. Alipozungumza alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, kaburi la baba yenu nani analipalilia?"

Nikasema baba mdogo. Miaka yote nimejua ni baba mdogo.

"Baba mdogo wako anadhani ni wewe," akasema. "Kila mwaka kabla ya Krismasi nalikuta safi, umande haujakauka, na nyayo zinakwenda barabarani. Sijawahi kumwona. Natoka mapema, yeye anakuwa ametoka mapema zaidi."

Nikamuuliza, kama anajua, kwa nini amekubali saruji, kwa nini amekubali msalaba wenye jina la mwanawe.

"Kwa sababu aliye hai wanamwogopa," akasema mama. "Mguu wa shemeji yangu ukizidi, watakwenda kumtafuta huko foleni, na vijana wa siku hizi hawashindwi kumpata mtu. Aliyekufa hatafutwi. Siku ile nilinyamaza, sikumsaidia. Sasa namzika. Na wewe usiniharibie, njoo ulie."

Akakata simu.

Nimekaa na gongo mapajani tangu hapo. Magongo mengine kumi na moja yako ukutani, kila moja na mkono wa mtu nisiyemjua, pengine wote wameshakufa, na hawajawahi kunitisha. Hili linanitisha kwa sababu mwenyewe anapumua. Mara tatu nimeweka vidole vyangu mle, na mara zote tatu nimehisi kama ameshikilia upande wa pili.

Nimeamua. Hili halitapanda ukutani, litakaa chini ya godoro langu na hakuna atakayeoneshwa. Baba mkubwa akiniuliza nina habari gani za mpakani, nitamwambia bei ya matairi. Ijumaa nitasafiri. Jumamosi nitavaa kitenge cheusi, nitaanguka juu ya saruji mbichi mpaka waninyanyue, nitalia kuliko wote, na sitakuwa naigiza.

Nilikuwa nadhani sina ninayemwandikia humu. Lakini mtu aliyejua kuwa nitalijua hili gongo amepata wapi habari za magongo yangu?

Kaka, kama unasoma, Jumamosi saa nne tunakuzika. Mama anajua. Usije tena kupalilia, nitapalilia mimi, makaburi yote mawili.